Gongo la Kirabo na Presha Yangu

Jumapili, 27 Aprili

Nesi wa kituo cha afya hapa Akalla amenipima presha, akatikisa kichwa, akaniambia niwe naandika kila jioni kitu kilichoniudhi. Eti nikikiweka kwenye karatasi kitatoka kifuani. Nikamuuliza, dada, karatasi utaninunulia wewe? Akacheka. Hajui kwamba nina mume anayeitwa Mukasa na mtoto anayeitwa Kirabo, na wote wawili besiboli imewapanda kichwani.

Haya, naanza. Leo mezani Kirabo ametuambia kwamba Fyren, timu ya daraja la juu ya kule Jakobsberg, imemchukua kwa majaribio mpaka mwisho wa Agosti. Miaka yote hii amechezea timu ndogo ya mtaani, daraja la chini, na huko anajulikana kwa jambo moja: akiupata mpira, haurudi. Tatizo ni hiyo "akiupata". Mara nyingi anapiga upepo.

Mukasa aliruka kwenye kiti utadhani ameteuliwa yeye. "Mama Kirabo, umesikia? Daraja la juu! Mtoto wa Mukasa!" Mtu mwenyewe hajawahi kushika gongo maishani. Kirabo alifundishwa mchezo huo shuleni Kampala, na alipofika hapa kwa Waswidi akiwa na miaka kumi na miwili, hajui hata neno moja la Kiswidi, gongo ndilo lililompatia marafiki.

Mimi niliuliza swali moja tu. Na shule ya umeme? Maana amepata nafasi ya kusomea ufundi umeme kuanzia Septemba. Akasema atasoma vyovyote itakavyokuwa. Halafu akaongeza taratibu, "Lakini Fyren wakinirudisha chini, Mama, naacha kabisa. Sitaki kuwa mtu wa kupiga mipira ya watoto mpaka nazeeka."

Mukasa akamwambia asiseme mambo ya kushindwa. Mimi moyoni nikasema afadhali, Jumapili zangu zitarudi. Naandika ukweli, si ndivyo nilivyoambiwa?

Jumapili, 4 Mei

Mechi ya kwanza. Ibada ilikwisha saa sita, na kwa vile uwanja uko hatua chache kutoka kanisani, Pasta Vénant alitangaza kwamba kijana wetu anacheza. Basi akina mama wote wakaja na vitenge vyao, na Concessa mbele na ngoma. Concessa ni rafiki yangu wa Bujumbura, kifua chake kina sauti ya watu sita. Waswidi waliokuwa wamekaa na vikombe vyao vya kahawa walisogea wenyewe.

Nieleze mchezo wenyewe, maana nimekaa pale muda wote nikijaribu kuuelewa. Mmoja anarusha, mwingine anasimama na gongo. Mwenye gongo akikosa mara tatu, anatoka, anaenda kukaa. Mpira ukipita pazuri asiupige, hilo nalo ni kosa, mwamuzi analihesabu. Mrushaji naye akirusha ovyo mara nne, pembeni au chini mno, mpigaji anapewa kituo cha kwanza, anatembea tu mpaka pale. Mchezaji akizunguka vituo vyote vinne, timu yake imepata pointi moja. Na mambo haya yanachukua saa tatu. Saa tatu!

Kirabo alizungusha gongo kwa nguvu mpaka kofia ikamwanguka. Akakosa. Akazungusha tena, akakosa. Mara zote nne alizoingia, alitoka hivyo hivyo. Na kila alipozungusha, Concessa na wenzake walipiga vigelegele mpaka mwamuzi akageuka kuangalia kama kuna mtu ameumia.

Jumanne, 6 Mei

Udongo mwekundu wa ule uwanja hautoki kwenye suruali. Nimefua mara ya pili.

Jumapili, 18 Mei

Leo ameupata. Mpira ulipita juu ya uzio, ukapita juu ya miti, na watoto waliotumwa kuutafuta wamerudi mikono mitupu. Nami nilisimama nikapiga kelele, siwezi kukataa. Mukasa amepiga simu Kampala, amepiga Bukavu kwa kaka yangu, amepiga hata kwa watu ambao hatujasalimiana tangu msiba wa mwaka juzi. "Umeuona mkono? Huo ni mkono wa babu yake!"

Mara nyingine zote za leo alikosa. Hilo kwenye simu halikutajwa.

Baadaye kocha akaja kukaa karibu yangu. Anaitwa Bruce, Mkanada aliyeoa hapa zamani, mzee mwenye magoti mabovu anayeongea Kiswidi cha polepole, kwa hiyo namwelewa kuliko Waswidi wenyewe. Akaniambia, "Mama yake Kirabo, mkono hauna shida. Anapiga kila kitu. Warushaji wa daraja hili wameshamjua, wanamrushia mipira mibovu naye anaifuata. Angeiacha, wangempa kituo."

Nikamuuliza kwa nini hamwambii mwenyewe.

"Namwambia kila siku," akasema. "Mazoezini anaiacha vizuri kabisa. Nikija siku ya mechi, nakuta mtu mwingine."

Jumatano, 21 Mei

Mzee ninayemhudumia kazini kule Kista amekataa kuoga. Nyumbani Kirabo naye amekataa kusikia kwamba mipira mibovu haipigwi. Nimechoka na wanaume.

Jumapili, 1 Juni

Leo nimeona kitu, na kimenikera kuliko yote.

Mrushaji wa timu pinzani alikuwa kijana mwenye wasiwasi. Alirusha ovyo mara nne mfululizo, mipira ambayo hata Kirabo asingeweza kuifikia. Mwamuzi akamwonyesha kituo cha kwanza. Wenzake wote wa Fyren wakashangilia, wakagonga uzio kwa furaha. Upande wetu? Kimya. Ngoma ikanyamaza. Concessa akaniinamia, "Mbona anatembea? Amefukuzwa?" Nikamweleza. Akasema, "Ah. Amepewa tu." Akaanza kufungua chakula chake.

Mukasa yeye aligeuza uso kabisa. Akasema kwa sauti, kila mtu akamsikia, "Sasa huo ni mchezo gani? Kupewa kama masikini."

Nikamwangalia mwanangu. Alikuwa anatembea kichwa chini, kama mtu aliyekamatwa dukani. Aliporudi kushika gongo mara iliyofuata, mpira wa kwanza ulikuwa unakaribia kugusa ardhi. Akauzungushia gongo kwa nguvu zake zote, akakosa, akaanguka goti moja. Vigelegele! Ngoma! Mukasa kasimama, "Ndiyo, mwanaume!"

Nikamuuliza Concessa, mnashangilia nini, amekosa! Akanishangaa. "Si amejitahidi? Mtoto anajitahidi hivyo tunyamaze?"

Ijumaa, 20 Juni

Mvua. Ni sikukuu ya kiangazi, Waswidi wanacheza kuzunguka mti wao wa maua wakiwa na makoti ya mvua, na wanafurahi. Kirabo amelala mchana kutwa.

Jumapili, 29 Juni

Bruce amemweka benchi. Akaingizwa mara moja tu mwishoni, akakosa mara tatu kwa haraka kiasi kwamba Concessa hakuwahi hata kuvuta pumzi. Nyumbani nilipika sombe, yaani kisamvu, na samaki, chakula anachokipenda, akakigusa akaacha. Mukasa akasema kocha ana chuki. Nikamwambia kocha hana chuki, kocha ana macho. Hapo tukanuniana mpaka kulala.

Mwezi wa nne nilisema afadhali aache. Leo nimeona mgongo wake akiwa amekaa kwenye lile benchi, na nimejua sitaki aache. Hilo nalo linaniudhi.

Jumapili, 6 Julai

Nesi, kama utasoma haya siku moja, leo chukua kiti ukae.

Tulirudi kutoka uwanjani kwa basi, sote watatu. Alikosa kila alipoingia. Tulipofika nyumbani, kabla hajavua viatu, nikamsimamisha mlangoni. Nikasema, Kirabo, mimi si mjuzi wa huu mchezo wenu. Lakini mipira ile ya chini hata mimi naiona. Kwa nini unaifuata?

Akajibu kwa Kiswidi kwamba amechoka. Nikamwambia nijibu kwa lugha ninayoweza kugombania.

Akakaa chini pale pale kwenye viatu. "Nikiuacha, mnanyamaza," akasema. "Nasikia ngoma inakatika. Namwona Baba anageuza uso. Mazoezini hamko, kwa hiyo naweza kusubiri. Nyinyi mkija siwezi. Mkono unaenda wenyewe."

Mukasa alikuwa jikoni, akatoka na kikombe mkononi. Nilitegemea mtu angeona aibu kidogo. Wapi! Akasema, "Mimi sikugeuza uso kwa ubaya. Lakini wewe ni mtoto wangu na unajua, katika nyumba hii hatuli cha bure. Mimi nchi hii sikupewa kitu. Nilifanya kazi. Mwanaume anapiga mpira wake, hangoji kupewa."

Jamani. Maneno hayo nimeyasikia miaka tisa. Nimeyasikia kwenye harusi, kwenye ubatizo, mbele ya wageni waliokuja kunywa chai tu. Leo yakanishinda.

Nikamwambia, Baba Kirabo, hukupewa? Ulipotoka Uganda ukafika hapa, ulilala wapi? Ulilala kwa Evodius kule Norsborg, miaka miwili, kwenye kochi lake, na mke wake akikupikia. Alikudai nini? Na Kiswidi hicho unachotukania watu barabarani, ulijifunzia wapi? Darasani, bure, na kahawa juu. Mimi na huyu mtoto tulipokuja, yale makoti ya baridi yalitoka kanisani. Tulipewa! Tukayavaa, tukaenda kazini nayo. Ungekataa kochi la Evodius leo tungekuwa wapi? Wewe ulipewa kituo cha kwanza, Mukasa, na ulikimbia kuanzia hapo, umekimbia vizuri, hakuna anayekunyima hilo. Basi mwache na mtoto asimame pale apewe cha kwake!

Nilisikia sauti yangu ikigonga ukuta wa jirani. Kirabo alikuwa ananitazama kwa macho makubwa. Nadhani habari ya kochi hajawahi kuisikia.

Mukasa aliweka kikombe mezani taratibu sana. Akaingia chumbani. Hakubamiza mlango, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Jumanne, 8 Julai

Hasemi nami. Anaosha kikombe chake mwenyewe, kwa kelele.

Alhamisi, 10 Julai

Bado. Leo kaosha na sahani.

Jumapili, 13 Julai

Fyren wako mapumzikoni mpaka Agosti. Nami nimetumia nafasi hiyo. Baada ya ibada nikawazuia akina mama wasitoke. Nikasimama mbele pale pa kwaya nikawaambia: kuanzia sasa, Kirabo akizungusha gongo, tunanyamaza. Akiuacha mpira upite, ndipo tunapiga vigelegele.

Ulizuka ugomvi. Mmoja akauliza kama nimegombana na mwanangu. Concessa akasimama, mikono kiunoni. "Mama Kirabo, kwa upendo wote. Nimepiga vigelegele harusini, nimepiga kwa watoto waliozaliwa, nimepiga mume wangu Firmin alipopata leseni ya lori. Sijawahi kumpigia mtu aliyesimama tu."

Nikawaambia kusimama ndiyo kazi ngumu kuliko yote. Nikawaeleza alichoniambia mlangoni, kwamba anasikia ngoma yetu inakatika. Hapo wakaangaliana. Concessa akaketi. Akasema, "Maskini. Kumbe ni sisi tunaomtoa?"

Ni sisi, nikasema. Na baba yake.

Tukafanya mazoezi. Pasta Vénant alishika fimbo ya ufagio badala ya gongo, mimi nikawa narusha karatasi zilizokunjwa. Alizungusha ufagio kila mara, hawezi kujizuia, mtu wa Mungu. Ilibidi tumbadilishe.

Jumapili, 3 Agosti

Mungu nihurumie. Wamenielewa nusu. Walipiga vigelegele kila mpira ulipoachwa, hata ulipoachwa na wapinzani. Vijana wa timu pinzani wakawa wanatupungia mkono. Mwamuzi akaja kutuomba tupunguze, Concessa akampa sambusa.

Lakini Kirabo! Bruce alimwingiza mara tatu. Mara ya kwanza aliuacha mpira wa chini, sisi tukaanza, naye akageuka kututazama kama tumerukwa na akili. Akauacha na wa pili. Akapewa kituo, akatembea. Ngoma ikampeleka mpaka pale. Aliinua kichwa.

Mukasa hakuja nasi. Alimwambia Kirabo kwamba ana zamu hospitalini, kwenye stoo yao. Sikuuliza.

Jumapili, 10 Agosti

Amerudia yale yale. Mipira mitatu ya chini, akaifuata yote. Nimekula mfuko mzima wa karanga kwa hasira.

Jumatatu, 11 Agosti

Bruce amenipigia simu. Nilijua tu. Kasema Kirabo anasogea, lakini viongozi wa timu wanataka mtu wa kutegemea, na wao wanahesabu anavyotoka, hawahesabu anavyosogea. Uamuzi wa kumbakiza au kumrudisha chini utakuwa baada ya mechi ya tarehe thelathini na moja. Kirabo hajui kwamba amenipigia, na mimi sitamwambia. Nimeunguza mchuzi.

Jumapili, 17 Agosti

Amepewa kituo mara mbili, na mara moja akapata mpira mzuri akaupiga katikati ya watu, akafika kituo cha pili. Ndipo nikaelewa maneno ya Bruce. Warushaji wakiona hafuati mibovu, inawabidi warushe mizuri.

Na jambo jingine. Ng'ambo ya uwanja, upande wa wapinzani, nilimwona mtu amesimama peke yake na koti la kazi, vidole kwenye uzio. Zamu ya hospitalini, kumbe! Nilikasirika nusura nivuke uwanja. Halafu nikaona Kirabo alipouacha mpira wa nne, yule mtu hakugeuza uso. Nikabaki nilipo. Nyumbani nilimwekea chakula, akasema asante. Neno la kwanza tangu mwezi wa saba, ukiondoa "umeona funguo zangu".

Jumamosi, 30 Agosti

Kirabo amenyoa nywele mwenyewe, vibaya. Vitabu vya umeme vimefika. Ameviweka kwenye rafu bila kuvifungua na gongo amelilaza kitandani.

Jumapili, 31 Agosti

Nimekaa jikoni, kitenge bado kimelowa, lakini naandika kwanza.

Mvua nyepesi ilianza tangu asubuhi. Akina mama walikuja na miavuli. Mukasa alikaa ng'ambo ile ile. Kirabo alipewa kituo mara moja, akatolewa mara mbili, na mechi ikafika mwisho Fyren wakiwa nyuma kwa pointi moja. Wawili wao walikuwa wameshatolewa. Akitolewa wa tatu, mechi imekwisha. Vituo vitatu vya kwanza vyote vilikuwa na wakimbiaji wetu. Na nani anatoka kushika gongo? Mwanangu. Nilimkamata Concessa mkono, naye akanikamata.

Mpira wa kwanza, mzuri, akaupiga ukatoka pembeni. Kosa moja. Wa pili mbovu, akauacha. Vigelegele. Wa tatu akauzungushia, akakosa, na sisi kimya, kama tulivyojifunza. Makosa mawili. Wa nne, akauacha. Wa tano, akauacha. Mibovu mitatu, makosa mawili. Ukija mbovu mwingine anapewa kituo, wote wanasogea, na pointi ya kusawazisha inaingia kwa miguu. Ukija mzuri naye akakosa, kwisha.

Mrushaji akarusha. Niliufuata kwa macho tangu unatoka mkononi. Ulikuwa chini na nje, ule ule alioufuata mwezi wa tano, wa sita na wa saba. Gongo la Kirabo likatikisika. Likabaki begani. Mpira ukapita.

Mwamuzi akanyoosha mkono. Kosa. Umekwisha.

Wapinzani wakarukiana. Benchi la Fyren likainamisha vichwa. Na Kirabo amesimama pale pale, mvua inamwagikia kisogo.

Ndipo nikasikia kelele kutoka ng'ambo. Mukasa wangu anapanda uzio, mtu mwenye miaka hamsini na mitano, mguu mmoja umenasa, na anapiga kelele kwa Kiswahili, kwa mwamuzi ambaye haelewi neno: "Ulikuwa nje! Mpeni! Mpeni kituo chake! Hiki ni chake, mpeni!"

Concessa aliniangalia. Nikamwambia, ameuacha, si ameuacha? Akafungua mdomo. Wakafuata wote, wakapiga vigelegele vya harusi, na ngoma, timu yetu ikiwa imefungwa, na Waswidi wakitutazama kwa huruma. Sijali.

Bruce akachechemea mpaka pale aliposimama Kirabo. Nilishuka mbio, sikutaka kusimuliwa. Akamwambia, "Ulikuwa nje, kijana. Mwamuzi kakosea, na watu wa timu wote wameona kakosea. Jumanne mazoezi." Kirabo akauliza, ya timu gani? Bruce akasema, "Unachezea timu gani wewe?" Akaenda zake kupanga vifaa.

Kwenye basi Mukasa alikaa kati yetu, suruali imechanika pajani, na hakunyamaza tangu Jakobsberg. Eti ataandika barua. Eti wamemnyang'anya mtoto kitu chake mchana kweupe.

"Kitu gani, Baba?" Kirabo akamuuliza. "Si ni cha bure?"

"Bure?" Mukasa akapandisha sauti, basi zima likageuka. "Umesimama pale makosa mawili, mvua inakunyeshea, mama yako anakufa kule, na hukuinua mkono. Nani kasema ni bure?"

Kirabo akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akajifuta kwa kofia yenye tope. Mukasa akanigeukia kuuliza kuna nini cha kuchekesha. Nilimwambia ashike bomba, tunafika.